Herufi Zitazame Chini

Februari, kisiwani Tinos. Upepo wa kaskazini
umeshinda wiki nzima ukigombana na madirisha.
Nimeng'oa hodhi la kuogea la Bi Loukia,
lile lililomvunja nyonga mwezi wa Oktoba,
tukalishusha ngazi mimi na Stelios, mwanafunzi wangu,
tukilitukana kwa zamu: yeye kwa sauti, mimi moyoni.

Maji hayana haya.
Ukiyaachia ufa wa unywele yataingia,
yatakaa, yatazaa ukungu,
na mwenye nyumba hatajua
mpaka ukuta wa jirani uanze kutoa jasho.
Kwa hiyo kwanza utando: tabaka mbili, za buluu,
pembe zote zimefungwa kitambaa
kama kidole cha mtoto aliyejikata.
Kisha mteremko. Sentimita mbili kwa kila mita.
Niliweka gololi sakafuni. Ikasita, ikafikiri,
ikashika njia ya tundu. Stelios akapiga makofi.

Gundi iwe nyeupe. Namwambia kila asubuhi.
Ya kijivu hujitokeza nyuma ya marumaru
kama siri ya ukoo katikati ya karamu.
Paka ukuta, paka na mgongo wa jiwe,
bonyeza, sukuma kidogo, sikiliza.
Likiitika kwa sauti ya ngoma, libandue, anza upya.

Vigae thelathini na viwili tulivitandaza ukumbini,
kila kimoja na namba yake ya penseli,
tukitafuta mishipa ipokezane:
pale wa tatu unapozama, wa saba uibuke.
Bi Loukia akapita kwa mkongojo, akainama:
"Mmeyaona wapi mapaja yangu?"

Kikabaki kiti cha kuogea.
Mwanawe ametuma fedha kutoka Melbourne,
za vigae tu. Bibi akanipa ufunguo wa banda.
"Kuna jiwe la Petros. Nyuma ya magunia."

Niliyasogeza magunia, nikafuta vumbi,
na kiganja kikasoma kabla ya macho:
jina lake, herufi sita,
chini yake mwaka wa kuzaliwa, kistari,
halafu weupe mtupu, uliolainishwa vizuri,
unangoja.
Mumewe aliyachonga mawili, msimu mmoja wa baridi
kazi zilipokuwa haba. La kwake limeshatumika.

Nikarudi mikono mitupu. Bibi, lile lina jina.
"Langu. Ningekupa la mtu mwingine?"
Akaketi, akanyoosha mguu mbovu.
"Miaka ishirini linanisubiri gizani.
Acha nilikalie kwanza ningali na joto.
Na herufi zitazame chini, Frangisko,
sitaki zinipige chapa makalioni."

Msumeno ulilia mpaka adhuhuri, maziwa ya jiwe
yakatiririka uani, yakakaukia kwenye viatu.
Kisha nililigeuza jina, nikalijaza gundi
herufi baada ya herufi, kwa mwiko mdogo,
kwa sababu pengo hutunza maji
na marumaru huota njano kutoka ndani.
Hiyo ndiyo sababu ya kifundi.
Stelios aliniuliza mbona nimevua kofia.
Nikamwambia: joto. Februari.

Siku ya kukabidhi nilimpa masharti:
usioshe kwa siki, usioshe kwa limau,
asidi hula mng'ao na haurudi.
"Limau nimelitumia maisha yangu yote."
Marumaru hailipendi, Bibi.
"Basi tutazoeana."

Tulisimama nje ya mlango, tukasikia bomba,
maji yakapiga jiwe, yakabadili sauti
yalipokuta mwili. Muda mrefu.
Hakuanguka. Alikuwa akiyakemea yawe moto zaidi.

Kipande kilichobaki, chenye mwaka na kistari,
nilitaka kukitupa pamoja na kifusi.
Alikiomba. Nimepita jana kudai salio,
nimekiona sakafuni, kimesimamishwa wima,
kinazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo.