Namdai Obunde

Obunde alitulipa alfajiri, nyuma ya stesheni ya Kisumu,
sarafu zinanuka omena.
Kila mtu alihesabu mara mbili;
yeye, mfuko mtupu, akamwaga mate ya tarumbeta
kama machicha ya chai.

Kalipso aliipata Misri, jeshini,
kwa askari wa Trinidad. Hawakuelewana
hata neno; wakabadilishana nyimbo na sigara.

Kondele ilicheza, Ahero ikacheza,
Maseno wakafunga milango.
Kisha yakaja magitaa ya umeme.
Akatupunguza mmoja mmoja,
mimi wa mwisho, mkono wangu
kaushika muda mrefu.

Leo matangani mjukuu ameipuliza:
katoka buibui.
"Kaza midomo," nikamwambia.

Marehemu namdai shilingi arobaini.
Nimesamehe thelathini.