Asilimia

Siku hizi sihesabu kilomita.
Mwanga mpaka Ujiji ni tisa.
Ujiji mpaka Mwanga, kwa kupanda, kumi na nne,
na abiria akiwa na dumu la mawese, kumi na saba.
Mteremko hunirudishia moja
kama mdaiwa mwenye haya.

Kituo cha chaji kipo. Nani kasema hakipo?
Kipo upande wa stesheni, chini ya bati la bluu,
soketi mbili.
Moja imefungwa mdomo kwa mfuko wa plastiki
tangu Ramadhani.
Nyingine ina Ntakije,
kalala ndani ya bajaji yake tangu alfajiri,
miguu nje, viatu juu ya paa.
Kwenye ramani ya simu pana nukta ya kijani.
Nukta haijui foleni.
Kijana wa mkopo naye hupiga kila Ijumaa,
naye hajui foleni.

Jumanne akaja mgeni na gari dogo jeupe,
shati limechomekewa,
kioo chake kinasema nne.
Akauliza, "Kituo kingine kiko wapi?"
Tukatazamana.
*Kingine.*
Ntakije aliamka kulisikia neno lile,
akalirudia taratibu, kama pipi mdomoni.

Nikamwongoza Katubuka, kwa Bihagaze,
mwenye mashine ya kusaga
na waya mnene kama mkono wa mtoto.
Gari likasimama katikati ya ndoo za mahindi,
jeupe, likazidi kuwa jeupe.
Mgeni akanunua umeme wa Luku,
akasoma tarakimu zote ishirini kwa sauti,
wanawake wakimsahihisha.

Wakachomeka.
Mashine ikaguna, ikapooza,
unga ukatoka chembechembe.
Mama Nyabenda akainuka na ungo wake:
"Hilo gari lina watoto wangapi nyumbani?"
Hakuna aliyejibu.
Bihagaze akachomoa.

Basi mgeni akakaa juu ya debe
mpaka ndoo ya mwisho,
kapakatwa mtoto wa mtu asiyemjua,
nyusi zimeota mvi za sembe.
Magharibi wakamrudishia waya.
Aliondoka na thelathini na moja,
shati limechomoka.

Mimi nikachomeka nyuma yake.
Nikapata kumi na mbili:
kumi na moja za kufika nyumbani,
moja ya kujidai.

Asubuhi nilipopita tena
ukuta wa Bihagaze ulikuwa na maandishi ya mkaa,
herufi zinapanda kilima kama sisi:

CHAJI IPO.
UNGA KWANZA.