Fagio la Moose Jaw

Nimekuja kumwona dada na kichanga chake,
nikaukuta mji mzima umejifungia kwenye jokofu,
wiki ya fainali, unatazama watu wakifagia barafu.

Jiwe lina mkono kama birika.
Mmoja anapiga goti, analiachia,
wawili wanalitangulia na mafagio wakilisugulia njia,
na nahodha, mtu mzima na ndevu zake,
anayapigia mayowe mawe.

Nilicheka. Bi Halyna, jirani, hakucheka;
akanimiminia supu nyekundu kwenye kifuniko cha chupa.
"Subiri."

Jiwe la mwisho likaja likipinda, likianza kuchoka.
Nikajikuta wima, supu kifuani,
na sauti ya mama, ile ya uani alfajiri,
ikinitoka:
"Fagia! Fagia wewe, na kona usiache!"

Likafika. Likaligusa jingine
kama kikombe kinavyorudi kisahanini.