Kiti cha Sita

Khoudh, Agosti. Unyevu umegandamana na vioo vya maabara
kama ngozi ya mtu mwingine.
Nimetia mikono yangu ndani ya mikono minene
ya sanduku la glavu; nagusa kwa mpira
kile ambacho hewa yetu haitakiwi kukigusa.

Tangsteni, oksijeni moja, klorini nne:
sindano za rangi ya machungwa
katika kichupa kisichozidi kidole gumba.
Pumzi tu ya mtu aliyesema "salaam"
na sindano hupauka, hufuka moshi wa asidi,
hubaki unga usiokumbuka chochote.

Naipenda kwa upungufu wake.
Oksijeni imeishika kwa mikono miwili,
klorini nne zimeizunguka kama walaji wa sinia,
na kule chini, mkabala na oksijeni,
pana nafasi. Kiti cha sita. Hakina mtu.

Hapo ndipo huja ligandi isiyo na chaji.
Haina chanya wala hasi, haidai kitu,
imebeba jozi moja ya elektroni
kama jirani anavyokuja msibani na chupa ya kahawa:
tumieni, ni yangu, sasa ni yetu.

Asetonitrili hukaa kidogo;
washa pampu, huinuka na kwenda zake.
Fosfini tuliijaribu Ramadhani iliyopita.
Ilitoa zaidi ya ilichoombwa,
chupa ikageuka kijani usiku kucha,
na tangsteni haikuwa tena ile tuliyoijua.
Wapo wanaokusaidia mpaka wakakubadili jina.

Kwetu Hail, Ijumaa, sinia lilikuwa la watu sita.
Baba aliishika nyumba kwa mikono miwili.
Mkabala naye alikaa Sleyyum, kaka yangu,
na kila Ijumaa alirudi nyuma inchi moja
mpaka goti lake likatoka kwenye mkeka.
Sasa yuko Duqm, kwenye matangi ya mafuta.
Hawakugombana hata siku moja.

Pembeni mwa daftari la vipimo niliandika,
Dokta Jokha akaona, akacheka, hakufuta:

*Ashikapo kwa mkazo, mkabala husogea,*
*Si ugomvi si tatizo, shari haikutokea,*
*Nimepima kwa vigezo, namba imenielea,*
*Si mbali kwa machukizo, mbali ni kuegemea.*

"Basi toa oksijeni," akasema, "weka salfa."
Tukaweka. Rangi ikawa nyekundu ya damu kongwe.
Jumatatu glavu ya kushoto ikatoboka, tundu la sindano,
na ukumbi mzima ukanuka mayai viza.
Murshid, mlinzi, kwa wema wake
akafungua madirisha yote, akaiingiza Agosti.
Kazi ya wiki tatu. Nilikaa sakafuni nikala tende.

Tulianza upya, kwa ligandi ndefu:
salfa mbili, kila moja mwisho wake,
na kaboni mbili katikati kama kizingiti.
Siku ya tisa fuwele moja ikakubali kukua.
Eksirei ilipotoa picha, nilisogeza kiti karibu na skrini.
Ligandi ile haikuwa imeketi kwa yeyote.
Mkono huu umeshika tangsteni ya huku,
mkono huu ya kule,
kila mshiko mrefu, dhaifu, angstromu mbili na nukta nane,
na zile tangsteni mbili hazigusani kabisa.

Niliitazama sana.
Miaka kumi na moja nampigia Sleyyum kila Alhamisi
nikimwambia, "Baba anakusalimu,"
salamu ambayo Baba hakuitoa;
kisha namwambia Baba, kwa Kiarabu chake cha mezani,
kwamba Sleyyum anauliza hali ya mgongo.

Dokta Jokha aliuliza kama data inatosha.
Nikasema inatosha. Nikafunga kichupa,
nikakizungushia utepe mara tatu,
nikakumbuka kwamba leo ni Alhamisi.