Thamani ya X

Saa tisa usiku bomba linakohoa.
Kwanza hewa, kisha kutu, kisha maji ya chumvi
yanayoinyima sabuni povu.
Tunatoka kimya, kila mtu na ndoo yake,
khanga begani, jicho nusu,
na hakuna anayeuliza nani wa kwanza.
Wa kwanza ni Sechelela,
kwa sababu hulala amevaa viatu.

Hapa Chang'ombe, nyuma ya mashine ya kusaga uwele,
tuko wapangaji wanne na choo kimoja,
mlango wake gunia la mbolea.
Ukiwa ndani unakohoa, au unaimba,
usije ukafunuliwa kama sufuria.
Ndahani anauza viatu vya mtumba,
vingine vya mguu mmoja;
anakuambia mwenzake yuko njiani.
Baba Madeje alikuwa mlinzi wa benki,
sasa analinda redio.
Mimi nafua mashati ya watu wa Ilazo,
mashati yaliyohamia na makao makuu.
Kola zake hunieleza nani ana shida kazini.

Mwezi wa nane upepo ulikuja na vumbi lake,
na nyuma ya vumbi vijana wawili wenye futi kamba,
na mwanamama wa kofia pana, jalada kwapani.
Mthamini, walisema.
Hakutuvunjia heshima. Alipiga hodi kila mlango,
akapita bila kuingia.
Akapima ukuta.
Akapima choo, pumzi kaibana kwa adabu.
Akasimama chini ya mpapai, akahesabu mapapai
hata yale madogo kama kidole gumba,
akaandika huku akisema kwa sauti:
mpapai mmoja, unazaa.

Huo niliupanda mimi, Sechelela akasema.
Mbegu nilizitema kiganjani,
wodi ya watoto, pale Jenero,
siku niliyotoka na shuka bila mtoto.
Nikaumwagia maji ya kusuuzia,
yenye chumvi, yenye sabuni,
nikijua utakufa.
Haukufa.

Kalamu ikainuka.
Wewe ndiye mwenye nyumba?
Mwenye nyumba yuko Kongwa. Huja kwa kodi.
Kalamu ikashuka.
Mti huenda na kiwanja, mama, akasema
taratibu,
kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Jioni ukuta wetu ulikuwa na alama nyekundu,
X, kubwa kupita mlango,
rangi bado ikichuruzika kwenye tofali za udongo.
Nyemo wangu, darasa la saba, akarudi shule,
akatua begi, akacheka:
Mama, wametuletea hesabu ukutani!
Tafuta thamani ya x.
Akaokota kipande cha mkaa, akaandika chini yake:
x ni sawa na vyumba vinne
jumlisha choo
jumlisha mpapai,
halafu mkono ukasita hewani.
Mama, sisi tunaingia upande gani?

Nikamwambia mkaa una bei, aurudishe jikoni.
Nikamwambia ugali unapoa.
Tukala uwele na mlenda, tukavutana mlenda ule
na hakuna aliyecheka.
Mbali, upande wa Mtumba, taa zilikuwa zimewashwa zote,
hata za vyumba ambavyo, nadhani, hakuna mtu.

Saa tisa bomba likakohoa.
Sechelela alikuwa tayari, na viatu vyake.
Akajaza ndoo ya kwanza hadi ukingoni,
hakuiingiza ndani.
Akainama kwenye shina la mpapai, akaimwaga yote,
kidogo kidogo, akizungusha kama anayeosha mguu wa mtu,
maji ya bombani, ya zamu, ya kulipia.

Nasi tuliopanga ndoo nyuma yake,
ambao siku nyingine tungemtukana,
na maji yangeweza kukatika wakati wowote,
tulingoja.
Akarudi bombani, akatega ndoo tena.
Tukangoja.