Kikombe cha Maji Mekundu

Yamanashi, mwezi wa sita, saa kumi na moja alfajiri.
Mama yangu Fusae anapita chini ya mizabibu,
kikombe mkononi, shingo ameilaza nyuma
kama mtu anayetafuta paa linapovuja.
Kila kichala anakivika kikombe,
moja, mbili, tatu, anakitoa,
kinamdondoshea matone kwenye kofia.
Wekundu ni rangi tu, ya kumkumbusha
kipi kimeogeshwa, kipi bado.
Dawa yenyewe huioni.

"Ndiyo inayoisukuma zabibu ikue?"
aliniuliza jana, safu ya tatu.
Hapana, Mama. Haisukumi kitu.
Kinachosukuma ni maji, na maji yamo ndani tangu mwanzo,
yanaukaza ukuta wa kila seli
kama unga uliochachuka chini ya mfuniko.
Ukuta umefumwa, nyuzi juu ya nyuzi,
na zinapokutana pana fundo.
Homoni huleta ruhusa ya kulegea:
mafundo yanaachia, nyuzi zinateleza,
maji yanapata nafasi ya unywele,
kisha ukuta unafumwa tena,
mpana kuliko jana.
Haubomoki. Ukibomoka ni kifo.

Akanyamaza. Akachovya vichala arobaini.
"Na ikizidi?"
Nikamsimulia mpunga ambao wakulima wa kale
waliuita mche mpumbavu:
kuvu iliumwagia homoni hiyo hiyo,
ukawapita wenzake urefu,
ukalala matopeni bila punje.

"Basi baba yako usimsukume," alisema,
na uso wake sikuuona, ulikuwa majanini.

Miaka mitatu Baba hajalitamka jina langu,
tangu niseme shamba sitalirithi.
Zabibu zetu hazina mbegu, ndivyo soko linavyotaka.
Nami, mwanawe pekee,
nadhani ananihesabu humo humo.

Leo yuko safu ya tano, amenipa mgongo.
Kikombe chake kimepasuka mdomo, amekifunga kwa utepe.
Naanza upande wa pili. Hageuki.
Kichala kwa kichala tunakaribiana,
punje ndogo kama mtama
zikipita kati ya mikono yetu.
Kwenye nguzo ya mwisho dawa yangu imekwisha.
Anatazama kikombe changu, anatazama mlima unaopata mwanga,
ananimiminia nusu ya yake.
"Kabla ya jua," anasema.

Hayo tu.
Vidole vyangu vilikuwa vyekundu mpaka Jumanne,
na sikuvisugua.