Nguo Isiyo na Jina

Hidaya, mkasi bado.
Weka pembeni hizo picha zako za magauni,
funga dirisha. Vumbi la barabara ya kumi na mbili
halina adabu mbele ya zari.

Tuifunue kwanza, polepole,
imelala kwenye mikunjo ileile tangu mimi sijaota meno,
ukiilazimisha itakatika kama chapati ya jana.
Unanusa? Udi, karafuu, na mende kidogo.

Wewe unaona blauzi.
Mimi fundi, naona macho ya mtu yaliyokesha.
Geuza. Upande wa nyuma ndiko nguo husema kweli:
mtande wa hariri, wekundu wa basibasi,
na katikati ya mshindio na mshindio
uzi wa dhahabu umepenyezwa kwa hesabu,
inua tatu, ruka moja, inua tatu, ruka tano.
Mfumi akikohoa, ua linapinda.
Hapa chini ya kidole changu alikohoa,
au mtoto alilia:
ua hili lina petali nne, mengine yote tano.

Kanga zetu zina mji na pindo.
Hii ina kichwa na mwili, alisema mwenyewe,
na hizi pembe zilizosimama kama meno ya papa
si meno, ni machipukizi ya mianzi.
Lakini jina haina.
Bibi Mwanamkuu hakujua kusoma, naye alilitafuta,
kwake nguo isiyosema neno
ni mgeni aliyeingia bila hodi.

Mwenyewe aliitwa Awang.
Bibi akamwita Awani, ulimi ukaishia hapo.
Meli iliyokuja kubeba katani ilimwacha gatini
na homa ya matumbo na kifurushi kimoja.
Wiki saba alilala ukumbini,
pale lilipo friji lenu sasa,
akinywa uji wa mchele na pilipili manga,
akimwita mama yake kwa lugha
ambayo humu ndani tulielewana nayo maneno mawili tu:
dunia, na sabuni.

Alipopata miguu akaifunua mkekani.
Mama kafuma, akasema. Harusi yangu.
Senti hakuwa nayo, na bibi hakudai.
Akaonyesha kwa mikono: weka, narudi.

Tukaweka.
Bibi akaolewa mara ya pili bila kuigusa.
Mwaka wa njaa mwenye duka la vitambaa alitaja bei,
bei ya magunia,
bibi akarudi nyumbani akachemsha mihogo tena.
Mama aliianika kivulini kila Mfungo Sita,
asije akalipa jua rangi ya watu.

Amana haina mirathi, mwanangu.
Huigawi, huikati, huiulizi umri.
Najua, aliyeiweka atakuwa udongoni,
na kwao pengine alioa kwa nguo ya kuazima.
Hilo ndilo linaloniuma.
Mama yake alihesabu dhahabu hii usiku baada ya usiku
kwa ajili ya siku moja,
na siku ile ikapita
nguo iko Ngamiani, sandukuni, chini ya mashuka.

Usilie. Chozi lina chumvi, litaila zari.
Sijakukatalia yote.
Simama hapa, inua mikono.
Kwao haipigwi mkasi: inazungushwa,
inakunjwa mbele, inafungwa.
Nitashikiza kwa mkono, mashine haitaigusa.
Utaivaa Alhamisi, Magharibi mpaka Isha,
ifanye kazi iliyofumiwa,
walau mara moja.
Pilau utakula baadaye.
Ijumaa alfajiri nitagonga mlango wenu
niirudishe kwenye mikunjo yake, imsubiri.

Na ua la petali nne naliweka mbele,
hapa kiunoni, mahali alipokohoa.
Mama wa watu naye ahudhurie.

Geuka.